Joe Carr

Joseph Francis Carr (Columbus, Ohio, 23 Oktoba 1879 – Columbus, 20 Mei 1939) alikuwa kiongozi wa michezo nchini Marekani. Anajulikana hasa kama rais wa ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ambayo tangu mwaka 1922 inaitwa National Football League, kwa kifupi NFL. Aliiongoza kuanzia mwaka 1921 hadi kifo chake, yaani miaka 18.

Alipoanza kazi hiyo, ligi haikuwa na msimamo rasmi wala ratiba ya pamoja, na bingwa alipatikana kwa kura ya wenye timu. Alipofariki, bingwa alikuwa akipatikana uwanjani, katika mechi ya fainali kati ya washindi wa kanda mbili. Njia iliyopita kati ya hali hizo mbili ilijaa malalamiko, na moja kati ya hayo, lile la timu ya mji wa Pottsville, halijaisha hadi leo.

Maisha ya awali

Carr alizaliwa mjini Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio, katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Baba yake alikuwa fundi viatu. Joe hakupata elimu ya chuo. Akiwa bado kijana mdogo aliajiriwa kama fundi mashine katika karakana ya reli ya Pennsylvania mjini humo, tawi lililoitwa Panhandle. Baadaye aliandika pia habari za michezo katika gazeti la Ohio State Journal.

Mwaka 1907 alichukua uongozi wa timu ya futiboli ya wafanyakazi wa reli, Columbus Panhandles. Nguzo ya timu hiyo ilikuwa ukoo wa Nesser, ndugu kadhaa waliofanya kazi katika karakana ileile. Kwa kuwa wafanyakazi wa reli walisafiri kwa treni bila kulipa nauli, Carr alipanga mechi nyingi ugenini na hivyo kuepuka gharama ya kukodi uwanja. Timu ilitembea miji mingi, na Carr akafahamika kwa wenye timu wengi kuwa mtu anayetimiza ahadi na kutunza hesabu.

Asili ya tatizo

Futiboli ya Kimarekani huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 11 kila moja, kwa mpira wenye umbo la yai. Wachezaji hugongana kwa nguvu, kwa hiyo timu kwa kawaida hucheza mara moja tu kwa wiki, na msimu mzima huwa na mechi chache. Katika ligi nyingi za mpira wa miguu kila timu hukutana na kila nyingine nyumbani na ugenini, kisha pointi huhesabiwa. Ligi ya futiboli ya Kimarekani yenye timu nyingi haiwezi kufanya hivyo. Timu moja inaweza kukutana na wapinzani wagumu na nyingine wapinzani hafifu, kisha zote mbili zikamaliza na idadi sawa ya ushindi. Hapo ndipo huzuka swali la nani anastahili ubingwa.

Ligi ilianzishwa mjini Canton, Ohio, mwaka 1920 kwa jina la American Professional Football Association. Rais wa kwanza alikuwa Jim Thorpe, mwanariadha mashuhuri, aliyechaguliwa kwa ajili ya umaarufu wake zaidi kuliko uwezo wa kuendesha ofisi. Msimu wa kwanza ulimalizika bila msimamo rasmi. Akron Pros hawakupoteza mechi yoyote, lakini walitoka sare tatu. Decatur Staleys na Buffalo All-Americans walipoteza mechi moja kila mmoja, nao wakadai ubingwa. Katika mkutano wa tarehe 30 Aprili 1921 wenye timu walipiga kura na kuupa mji wa Akron ubingwa. Mkutano huohuo ulimchagua Carr kuwa rais.

Kuweka kanuni

Carr alihamishia ofisi ya ligi Columbus na kuandika katiba na kanuni zake. Kila timu ilipewa eneo lake, ambamo timu nyingine ya ligi haikuruhusiwa kucheza bila kibali. Wachezaji walizuiwa kuhamahama kutoka timu hadi timu kwa kufuata malipo makubwa zaidi. Pia alianza kutoa msimamo wa ligi, ili mwisho wa msimu bingwa ajulikane kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ilikuwa asilimia ya ushindi: idadi ya mechi zilizoshindwa iligawanywa kwa jumla ya mechi zilizoshindwa na kupotezwa. Sare hazikuhesabiwa kabisa, kana kwamba hazikuchezwa. Tena timu zilipanga ratiba zenyewe, kila moja kadiri ilivyoweza, kwa hiyo nyingine zilicheza mechi nyingi na nyingine chache. Kasoro hizo mbili zilizaa ugomvi mara kwa mara.

Mwaka 1921 Buffalo na Staleys, ambao walikuwa wamehamia Chicago, walimaliza wakilingana kwa ushindi 9 na kupoteza 1. Buffalo walikuwa wamewafunga Staleys 7–6 mwezi Novemba. Tarehe 4 Desemba walirudiana, na Staleys wakashinda 10–7. Buffalo walikuwa wamecheza na Akron siku moja kabla, nao walishikilia kwamba mechi hiyo ya marudiano ilikuwa ya kirafiki. Uongozi wa ligi uliihesabu, ukaamua kwamba mechi ya pili ina uzito kuliko ya kwanza, na ubingwa ukaenda kwa Staleys. Mwaka uliofuata timu hiyo ilichukua jina la Chicago Bears.

Mwaka 1924 mambo yaligeuka. Ligi ilikuwa imepanga msimu uishe tarehe 30 Novemba, na Cleveland Bulldogs walikuwa wakiongoza. Wiki moja baadaye Bears waliwafunga 23–0 na kudai kombe. Safari hii mechi ilihesabiwa kuwa ya kirafiki kwa sababu msimu ulikuwa umekwisha, na Cleveland wakabaki mabingwa. Kwa kulinganisha kesi hizo mbili, wenye timu walijifunza kwamba tarehe na ratiba vinaweza kuamua ubingwa sawa na nguvu za wachezaji.

Wachezaji wa vyuo

Wakati huo futiboli ya vyuo vikuu ilipendwa kuliko ile ya kulipwa, na walimu wa vyuo waliiona ligi kama mwizi wa vijana wao. Mwanzoni mwa mwaka 1922 timu ya Green Bay Packers ilinyang'anywa uanachama kwa kuwachezesha wanafunzi wa chuo, kabla ya Curly Lambeau kuurudisha mwaka huohuo. Mwaka 1925 Red Grange, nyota wa Chuo Kikuu cha Illinois, alijiunga na Bears mara tu baada ya mechi yake ya mwisho ya chuo. Viwanja vilijaa, lakini vyuo vilikasirika. Mwaka 1926 ligi iliweka kanuni kwamba hakuna mwanafunzi atakayesajiliwa kabla ya darasa lake kuhitimu.

Kesi ya Pottsville

Mgogoro mkubwa kuliko yote ulikuwa wa mwaka 1925. Pottsville ni mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania. Timu yake, Maroons, ilikuwa katika msimu wake wa kwanza kwenye ligi. Tarehe 6 Desemba ilisafiri hadi Chicago na kuwafunga Chicago Cardinals 21–7. Baada ya matokeo hayo Maroons walikuwa wameshinda 10 na kupoteza 2, na Cardinals wameshinda 9, kupoteza 2 na sare 1. Magazeti mengi na mashabiki waliona kwamba bingwa amepatikana.

Hata hivyo msimu ulikuwa haujafungwa rasmi. Mmiliki wa Cardinals, Chris O'Brien, alipanga haraka mechi mbili zaidi, dhidi ya Milwaukee Badgers na Hammond Pros, timu hafifu zilizokuwa zimekwisha kuvunja kambi kwa mwaka huo. Cardinals walishinda 59–0 na 13–0, wakapanda juu ya Maroons kwa asilimia. Ikagundulika kwamba Milwaukee, kwa kukosa watu, waliwachezesha wanafunzi wanne wa shule ya sekondari ya Chicago. Aliyewaleta alikuwa Art Folz, mchezaji wa Cardinals.

Wakati huohuo Maroons walikubali mechi ya kirafiki mjini Philadelphia dhidi ya kikosi cha nyota wa zamani wa Chuo Kikuu cha Notre Dame. Philadelphia lilikuwa eneo la timu nyingine ya ligi, Frankford Yellow Jackets, ambayo siku hiyohiyo ilikuwa na mechi nyumbani. Frankford walilalamika, na Carr akawaonya Maroons wasicheze. Viongozi wa Pottsville walidai kwamba walikuwa wameruhusiwa na ofisi ya ligi kwa simu. Tarehe 12 Desemba walicheza na kushinda 9–7, ushindi ulioiletea heshima futiboli nzima ya kulipwa. Carr aliisimamisha timu hiyo, na kwa hatua hiyo ikapoteza nafasi ya ubingwa.

Kwa upande wa Chicago pia alitoa adhabu. O'Brien alitozwa faini ya dola 1,000, Milwaukee dola 500 na mmiliki wake akaamriwa kuuza timu, naye Folz akafungiwa maisha. Baadaye adhabu kadhaa zililegezwa. Lakini mechi ya Milwaukee haikufutwa katika msimamo. Ligi ilipotaka kuwapa Cardinals ubingwa, O'Brien aliukataa, akisema timu yake haistahili kuupokea baada ya kufungwa na Pottsville. Ni baada ya timu kununuliwa na Charles Bidwill mwaka 1933 ndipo Cardinals walipoanza kujitangaza mabingwa wa 1925.

Wanaomtetea Carr hueleza kwamba ligi changa isingeweza kuishi kama rais angeonya na kupuuzwa. Haki ya eneo ndiyo iliyomlinda kila mwenye timu na mwenzake, na Maroons walijua kanuni hiyo. Wanaompinga hueleza kwamba kosa la Pottsville lilihusu biashara ya viingilio, wakati kosa la Milwaukee lilihusu mchezo wenyewe, na bado timu iliyoshinda uwanjani ndiyo iliyokosa kombe. Ligi iliichunguza kesi hiyo upya mwaka 1963 na tena mwaka 2003, na mara zote mbili wenye timu walio wengi walikataa kubadili uamuzi. Timu ya Pottsville iliruhusiwa kurudi mwaka 1926, lakini ilidumu miaka michache tu kabla ya kuhamishwa na kuvunjika.

Kutoka miji midogo hadi mikubwa

Carr aliamini kwamba ligi itadumu endapo tu itakuwa na timu katika miji mikubwa. Mwaka 1925 alimpa Tim Mara haki ya kuanzisha timu ya New York Giants. Mwaka 1926 ligi ilikuwa na timu 22, nyingi zikiwa na madeni. Mwaka uliofuata zilibaki 12 tu, baada ya Carr kuzipunguza zile dhaifu. Hatua hiyo ilisaidia pia usawa wa mashindano, kwa sababu timu zilizovunja kambi katikati ya msimu zilikuwa zikiwaachia wenzao ratiba zenye mapengo. Hata timu ya Columbus, mji wake mwenyewe, haikuokolewa.

Mwaka 1932 na mechi ya ukumbini

Mwaka 1931 Green Bay Packers walimaliza na ushindi 12 na kupoteza 2, na Portsmouth Spartans wa Ohio ushindi 11 na kupoteza 3. Portsmouth walitaka mechi ya mwisho dhidi ya Packers nyumbani kwao, kwa kuwa ushindi ungewalinganisha. Packers walikataa kusafiri. Carr aliamua kwamba mechi hiyo ilikuwa ya makubaliano ya awali tu, haikuwamo katika ratiba rasmi, kwa hiyo hawezi kuwalazimisha. Packers wakachukua ubingwa wa tatu mfululizo.

Mwaka uliofuata Spartans walikuwa tena katikati ya ugomvi. Matokeo ya mwisho yalikuwa hivi: Bears ushindi 6, kupoteza 1, sare 6; Spartans ushindi 6, kupoteza 1, sare 4; Packers ushindi 10, kupoteza 3, sare 1. Kwa kuwa sare hazikuhesabiwa, Bears na Spartans walikuwa na asilimia 85.7 kila mmoja, na Packers, walioshinda mechi nne zaidi yao, asilimia 76.9. Kama sare ingehesabiwa nusu ya ushindi, Packers wangekuwa na asilimia 75, Spartans 72.7 na Bears 69.2, yaani mpangilio ungepinduka wote.

Ligi iliamua Bears na Spartans wacheze mechi ya ziada. Tarehe 18 Desemba 1932 Chicago ilikuwa na baridi kali na theluji, hivyo mechi ikahamishiwa ndani ya ukumbi wa Chicago Stadium, juu ya udongo uliotandazwa kwa ajili ya sarakasi. Uwanja ulikuwa na urefu wa yadi 80 tu badala ya 120. Dutch Clark, nyota wa Spartans, hakuwepo kwa kuwa alikuwa na kazi ya ukocha chuoni. Bears walishinda 9–0, kwa pasi ya Bronko Nagurski kwenda kwa Red Grange ambayo Spartans waliilalamikia kuwa haikutupwa kwa kufuata kanuni. Matokeo yaliingizwa katika msimamo, na Spartans wakashuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tatu, nyuma ya Packers.

Kanda mbili na fainali

Pamoja na kasoro zake, mechi hiyo iliwavutia watu 11,198 na magazeti mengi. Mwaka 1933 mmiliki wa timu ya Boston, George Preston Marshall, akisaidiwa na George Halas wa Bears, alipendekeza ligi igawanywe katika kanda mbili, Mashariki na Magharibi, na washindi wake wakutane katika fainali kila mwaka. Mpango huo ulipitishwa chini ya urais wa Carr. Pasi ya mbele nayo iliruhusiwa kutupwa kutoka mahali popote nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo. Fainali ya kwanza ilichezwa Chicago tarehe 17 Desemba 1933, na Bears wakawafunga Giants 23–21.

Fainali ya pili ilionyesha upande mwingine wa mfumo mpya. Mwaka 1934 Bears walishinda mechi zote 13 za msimu, na Giants walikuwa wamepoteza 5. Kwa utaratibu wa zamani Bears wangekuwa mabingwa bila ubishi. Tarehe 9 Desemba mjini New York uwanja ulikuwa umeganda barafu. Giants waliazima viatu vya mpira vya wachezaji wa kikapu na kuvivaa kipindi cha pili, wakapata pointi 27 katika robo ya mwisho na kushinda 30–13. Safari hii kura ya wenye timu wala tarehe ya kufunga msimu havikuhusika na matokeo, ingawa timu iliyokuwa bora mwaka mzima ilirudi nyumbani bila kombe.

Usawa uliimarishwa kwa hatua nyingine mbili. Mwezi Februari 1936 ligi ilianza utaratibu uliopendekezwa na Bert Bell wa Philadelphia, ambapo timu iliyoshika mkia huchagua kwanza miongoni mwa wachezaji wanaohitimu vyuoni. Katika msimu huohuo, kwa mara ya kwanza, timu zote zilicheza idadi sawa ya mechi, yaani 12.

Ubaguzi wa rangi

Haki iliyotafutwa katika msimamo haikuwafikia watu wote. Katika miaka ya kwanza ligi ilikuwa na wachezaji kadhaa Weusi, akiwemo Fritz Pollard wa Akron, aliyekuwa pia kocha. Baada ya msimu wa 1933, ambapo Joe Lillard na Ray Kemp walikuwa wa mwisho, hakuna mchezaji Mweusi aliyesajiliwa hadi mwaka 1946. Sehemu kubwa ya kipindi hicho Carr ndiye aliyekuwa rais.

Kazi nyingine na kifo

Carr aliongoza pia American Basketball League, ligi ya mpira wa kikapu iliyoanza mwaka 1925, na kuanzia mwaka 1933 alifanya kazi ya kuhamasisha ligi ndogo za besiboli nchini. Alifariki kwa mshtuko wa moyo mjini Columbus tarehe 20 Mei 1939, akiwa bado rais. Nafasi yake ilichukuliwa na Carl Storck.

Urithi

Kuanzia 1938 hadi 1946 tuzo ya mchezaji bora wa ligi ilibeba jina la Carr. Mwaka 1963 alikuwa miongoni mwa watu 17 wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la futiboli ya kulipwa mjini Canton.

Ligi imeendelea kurekebisha yale aliyoyaacha. Mwaka 1941 Bears na Packers walipolingana katika kanda ya Magharibi, walicheza mechi ya kuamua nani aende fainali. Tangu mwaka 1972 sare huhesabiwa kuwa nusu ya ushindi. Leo ligi ina timu 32, na tangu mwaka 2020 timu 14 huingia hatua ya mtoano: washindi wa makundi 8 na nyingine 6 zenye matokeo mazuri. Malalamiko hayajaisha. Msimu wa 2010 Seattle Seahawks waliingia kama washindi wa kundi ingawa walishinda mechi 7 na kupoteza 9. Walipewa mechi ya nyumbani dhidi ya New Orleans Saints, walioshinda 11, na wakawafunga 41–36.

Futiboli ya vyuo vikuu ilichelewa zaidi kuiacha kura. Kwa miongo mingi bingwa wake alitajwa na waandishi wa habari na makocha. Mtoano wa timu 4 ulianza msimu wa 2014, lakini timu zilichaguliwa na kamati. Mwaka 2023 Florida State walishinda mechi zote 13 na bado wakaachwa nje. Mwaka 2024 nafasi ziliongezwa hadi 12.

Mjini Pottsville kumbukumbu ya timu ya 1925 bado inatunzwa, na wakazi huiita timu hiyo bingwa. Katika orodha rasmi ya NFL, bingwa wa mwaka huo ni Chicago Cardinals.